Ada, Umbali na Uvumbuzi Mdogo

Ujerumani ilipotunga sheria yake ya hataza mwaka 1877, iliweka sharti gumu: hataza haitolewi mpaka wataalamu wa serikali wauchunguze uvumbuzi wenyewe. Sharti hilo liliwaacha nje watu wengi wenye vitu vya maana. Fundi aliyeupinda mpini wa chombo ili mkono usichoke upesi hakuwa na uvumbuzi mzito wa kutosha. Akikimbilia sheria ya 1876 ya kulinda sura za bidhaa, alikuta mahakama kuu ya biashara ya Leipzig imeshaamua, mwaka 1878, kwamba inalinda kinachopendeza macho tu. Pengo hilo lilizibwa na sheria ya Gebrauchsmuster, hataza ndogo, ya tarehe 1 Juni 1891.

Wengi huisifu sheria hiyo kama huruma kwa mnyonge. Mimi naona nguvu yake ilikuwa kwenye ada. Hataza kamili ilitozwa mark 50 mwaka wa pili, kisha ada ikapanda kwa 50 kila mwaka hadi wa 15. Hataza ndogo ilikuwa mark 15 kwa miaka 3 na mark 60 kwa mingine 3. Mwombaji alipeleka mchoro au mfano wa kifaa, kikasajiliwa bila kuchunguzwa.

Kusajili bila kuchunguza, watasema wapinzani, huzaa vyeti visivyostahili. Ni kweli, vilikuwepo. Lakini cheti kibovu kingeweza kupingwa mahakamani na kufutwa, na hata kisipopingwa maisha yake yalikuwa mafupi. Gharama ya uchunguzi ikawaangukia wachache waliogombana badala ya kila mwombaji. Japani, iliyotunga sheria kama hiyo mwaka 1905, ilichunguza kwanza kwa miongo mingi. Mwaka 1993 ikaamua kuuacha uchunguzi huo, maana bidhaa zilikuwa zikipitwa na wakati kabla cheti hakijatoka.

Nchini Kenya kikwazo kilikuwa pia umbali. Kabla ya sheria ya 1989, kilichosajiliwa Nairobi ni hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza. Fundi wa soko la Gikomba, mjini humo, alitakiwa aanzie London. Sheria hiyo ndiyo iliyoleta hataza ndogo, na ile ya 2001 inadai kifaa kiwe kipya na kifae kiwandani, bila kudai kipaji cha pekee.

Kuna hoja nzito zaidi: jiko la Kenya la bati lenye kiuno chembamba na udongo wa kuchomwa ndani, lililoanza kutengenezwa na mafundi wa jua kali, yaani wa karakana ndogo zisizo rasmi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilienea kwa sababu kila fundi aliweza kuliiga. Basi ulinzi wa nini? Ila jiko hilo, lililochukua mengi kutoka Thailand, lilifanyiwa majaribio kwa fedha za wafadhili. Fundi anayekata bati lake mwenyewe na kuliharibu mara kadhaa kabla halijakubali hana anayemrudishia hasara, na jirani akiiga wiki ya pili, atauza kwa bei isiyo na hasara hiyo ndani yake. Ninachopinga katika sheria ya Kenya ni muda tu. Miaka 10 kwa kitu cha bati ni mingi mno. 3, na mingine 3 kwa atakayekuwa tayari kuilipia, ingemtosha.