Kombeo, Mwezi na Kona ya Barabara

Kombeo ni silaha ya kale. Wasimulizi wa visa vya Mitume wanaeleza kwamba Nabii Daudi (A.S.) alimkabili Jaluti kwa kombeo na mawe. Na kila aliyewinga ndege shambani anaijua kazi yake: jiwe huzungushwa, ugwe hukaza, kisha ncha moja huachiwa. Lakini ni kitu gani kinachoukaza ugwe ule? Na jiwe likiachiwa, huelekea wapi?

Swali hili liliwashughulisha wanavyuoni karne nyingi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alifundisha kwamba kitu kilichotupwa hubaki na msukumo wake mpaka kizuiwe na kitu kingine. Mwaka 1644 Descartes wa Ufaransa alilitumia kombeo kuonyesha kwamba jiwe lizungukalo hutaka kwenda njia iliyonyooka. Huygens wa Uholanzi akapata hesabu ya mkazo wake mwaka 1659, akaitangaza mwaka 1673. Kisha Newton wa Uingereza, mwaka 1687, akabainisha kuwa mkono, kwa kupitia ugwe, hulivuta jiwe kuelekea katikati wakati wote. Mwezi nao huvutwa na dunia vivyo hivyo, ingawa hapana kamba ionekanayo.

Basi tazama hesabu yenyewe. Jiwe la nusu kilo katika ugwe wa mita 1, likizungushwa sambamba na ardhi kwa mwendo wa mita 4 kwa sekunde, huukaza ugwe kwa nguvu ya niutoni 8. Mwendo ukifika mita 8, nguvu haiwi 16, bali 32. Mwendo mara mbili, mkazo mara nne! Ugwe usipostahimili hukatika, na jiwe hushika njia iliyonyooka, kule kule lilikokuwa limeelekea.

Jambo hili si la vitabuni tu. Malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita Lusahunga na Nyakahura, wilayani Biharamulo, yakaingia Ngara, nchi ya milima, mpaka Rusumo na Kabanga. Lori likikata kona ni kama jiwe la kombeo, na ugwe wake ni mshiko wa tairi juu ya lami. Dereva aliyeikata kona kwa kilomita 30 kwa saa, akija kesho kwa 60, ameutaka ugwe ule nguvu mara nne. Na mvua ikinyesha, ugwe wenyewe umedhoofika. Ukikatika, lori halifuati tena barabara. Huenda moja kwa moja, bondeni au kwenye nyumba za watu.

Kutawakali bila ya kupunguza mwendo si tawakali, ni uzembe. Roho za watu ni amana. Mwenye kombeo hana amri tena juu ya jiwe lililokwisha mtoka. Amri yake ilikuwa kabla, ugwe ulipokuwa ungali mkononi.