Njia ya Nusu Maili

Jina la Lenana tunalitaja kila siku Nairobi kama jina la stejini. Kuna Barabara ya Lenana kule Kilimani. Kuna Shule ya Lenana, ile iliyoitwa Duke of York wakati wa wakoloni. Na ukipanda Mlima Kenya, kilele ambacho wengi wetu tunaweza kufika bila kamba ni Point Lenana, mita 4,985. Mwenye jina aliitwa Olonana, mwana wa Mbatian, laiboni mkuu wa Wamaasai. Aliishi pande hizi za Ngong, na vilima vyenyewe Wamaasai wanaviita Oldoinyo Loolaiser, mlima wa Ilaiser, ukoo wake.

Nayaandika haya kwa sababu mimi na marafiki watatu tuna mazoea ya kutoroka mji na kwenda Matasia. Kama hupajui, ni hapo kati ya Ngong na Kiserian, Kaunti ya Kajiado, vilima vikiwa upande mmoja na Nairobi yote ikiwa mbali kidogo, kimya, kama televisheni iliyozimwa sauti. Tunakodi nyumba siku mbili. Kazi ni kulala, kupiga stori na kuchoma mbuzi. Asubuhi baridi inauma kweli, unashika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mwaka huu tumerudi kwa mara ya tatu, na mtu wa kwanza kutupokea alikuwa mzee anayelinda boma hilo.

"Sopa," akasema.

"Epa, mzee."

"Kumbe mmerudi nyumbani, wanangu."

Tulicheka. Nyumbani wapi, na sisi ni watu wa Umoja na Kasarani? Usiku, tukiwa kwenye moto, mmoja wetu akamuuliza yeye kwao ni wapi. Akasema anatoka Narok. Kisha, baada ya kuongeza kuni, akasema: "Lakini kwetu hasa ni Entorror." Hatukulijua jina hilo. Rafiki yetu wa Isinya ndiye aliyetafsiri: Entorror ni Laikipia.

Laikipia na Narok, wasee, si majirani. Katikati kuna Bonde la Ufa na Mau nzima. Mtu anatokaje huko mpaka huku, na bado mjukuu wake anasema kwao ni huko?

Jibu lina karatasi mbili. Ya kwanza ni ya Agosti 1904. Reli ilikuwa imefika Kisumu miaka mitatu tu nyuma, na walowezi walikuwa wanalitaka Bonde la Ufa, hasa Naivasha, kwa sababu ya nyasi na maji. Olonana na viongozi wengine wakaweka alama zao kwenye mkataba uliowatoa Wamaasai bondeni na kuwagawa katika rizavu mbili: moja kaskazini Laikipia, nyingine kusini, pande hizi za Ngong. Mkataba ulisema utadumu muda wote ambao Wamaasai watakuwepo duniani. Tena ukaahidi njia ya kuunganisha rizavu hizo, upana usiozidi nusu maili, ili ndugu watembeleane. Njia hiyo haikufunguliwa.

Nimeisoma sehemu hiyo ya njia mara kadhaa, na ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Wazee waliokaa kwenye mkataba ule walijua kwamba watu wakishatenganishwa, jambo la kwanza watakalotaka ni kutembeleana. Wakaomba njia. Kwenye karatasi wakapewa.

Mkataba wa milele uliishi miaka saba. Walowezi wakaitazama Laikipia nayo, wakaipenda. Machi 1911 Olonana akafa, na serikali ikasema kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa kuwataka watu wa kaskazini wakubali kuhama waje kusini. Sikia hiyo. Marehemu anasema kile hasa ambacho Gavana Girouard alikuwa anataka kusikia. Aprili, kabla hata mwezi haujaisha tangu mazishi, karatasi ya pili ikawekwa sahihi. Safari ya kwanza ilivurugika na kusimamishwa, ikaanza tena mwaka uliofuata, na kufikia 1913 watu na mifugo yao walikuwa wameswagwa kupita Mau kuelekea upande wa Narok. Mau ni baridi na mvua. Wengi hawakufika, watu na ng'ombe.

Kuna wasiokubali kimya kimya. Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa Wapurko, na wenzake wakatafuta mawakili, wakaipeleka serikali kortini. Wakati huo, 1913! Kesi inajulikana kwa jina la Ole Njogo. Korti ikaitupa, na sababu yake ni ya kuchekesha kama isingekuwa ya kuliza: kwamba Wamaasai walikuwa kama taifa la kigeni lililofanya mkataba na Mfalme, na mikataba ya mataifa haisikizwi na korti za kawaida. Yaani ulikuwa taifa huru siku ya kushtaki tu. Siku ya kuhamishwa ulikuwa raia wa kuswagwa. Rufaa nayo ikakataliwa mwaka huohuo.

Na katika miaka ileile, ng'ambo ya mto Mbagathi, Karen Blixen akafika kutoka Denmark mwaka 1914 na baadaye akakaa kwenye shamba la kahawa, akivitazama vilima hivi kutoka kibarazani. Rafiki yake Denys Finch Hatton alipokufa kwa ajali ya ndege Voi mwaka 1931, alizikwa vilimani humuhumu. Kitabu chake kilitoka 1937, filamu ikaja 1985, na tangu hapo Ngong imekuwa mahali pa kwenda kupumzisha roho. Sisi nasi, na mbuzi wetu na spika yetu ndogo, tumerithi desturi hiyo. Siioni kuwa dhambi. Mlima ni mzuri na watu wamechoka.

Ila ardhi yenyewe bado inasonga. Baada ya uhuru ilikuja sheria ya 1968 ya ranchi za vikundi, familia nyingi zikamiliki pamoja. Kisha ranchi zikagawanywa. Ile ya Kitengela ilivunjwa 1988. Kila mwenye kipande akawa na hati, na mwenye hati huuza. Leo Matasia kila ukuta una tangazo la ploti za futi 50 kwa 100, na rafiki yetu wa Isinya anasema kwao ng'ombe wanapita barabarani pamoja na malori kwa sababu pembeni kote ni seng'enge. Mwingine kati yetu, nisimtaje, alikuwa na picha za ploti mbili kwenye simu. Tulibishana mpaka moto ukazima. Yeye anataka mahali pa kulea watoto wake mbali na moshi wa Nairobi. Yule wa Isinya akamuuliza tu: "Aliyekuuzia, atahamia wapi?" Hakuna aliyejibu.

Agosti 2004, karne moja kamili baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana Nairobi wakidai Laikipia. Serikali ikawaambia hawana dai. Nilimuuliza mzee kama alikuwepo. Akasema alikuwa Narok, alisikia kwenye redio, na kwamba Entorror mwenyewe hajawahi kufika.

"Ni mbali?" nikauliza.

"Siku hizi si mbali. Ni nauli tu," akasema. "Lakini nikifika nitashukia kwa nani?"

Jumapili tulifunga mabegi. Mwenye ploti za simuni akatangulia kwenda kuziona kabla ya matatu ya mchana, na yule wa Isinya akaenda naye.