Yubikwitini katika chembechembe za msongo

Yubikwitini ni protini ndogo yenye asidi amino 76, inayopatikana katika seli zote zenye kiini, ambayo hubandikwa kwenye protini nyingine na kuamua hatima yake. Ugunduzi wa jinsi inavyoteua protini za kuvunjwa uliwapatia Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Kuvunja, hata hivyo, si kazi yake pekee.

Seli ikipatwa na joto kali au sumu kama arsenaiti, husimamisha utengenezaji wa protini nyingi. RNA mjumbe, pamoja na protini zinazoishika, hukusanyika katika saitoplazimu na kuunda chembechembe za msongo. Hizi hazina utando. Nguzo yake kuu ni protini G3BP1. Wakati wa joto, G3BP1 hubandikwa minyororo ya yubikwitini. Joto likipungua, kimeng'enya VCP huitambua minyororo hiyo na kuing'oa G3BP1, nazo chembechembe husambaratika. Zile zilizotokana na arsenaiti huyeyuka bila kutegemea njia hii, tofauti iliyobainishwa na tafiti za mwaka 2021. Kasoro katika jeni ya VCP husababisha baadhi ya visa vya ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli.