Mazoezi ya usawa kwa wazee

Mazoezi ya usawa ni mazoezi ya kuuzoesha mwili kusimama, kugeuka na kutembea bila kuyumba. Kwa wazee hutumika hasa kuzuia kuanguka. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Chanzo cha kuyumba

Usawa hutegemea macho, sikio la ndani na hisia za nyayo. Uzeeni vyote hufifia, na misuli ya mapaja hulegea. Mtoto wa jicho, pombe na dawa za usingizi huongeza hatari.

Namna ya kufanya

Mpango maarufu ni wa Otago, uliobuniwa New Zealand miaka ya 1990, ambao mzee huufanyia nyumbani kwake. Husimama nyuma ya kiti kizito, akashika mgongo wa kiti hicho, akainua mguu mmoja kwa sekunde 10, kisha mwingine. Akishazoea hushika kwa kidole kimoja, baadaye huachia kabisa. Hutembea pia akigusisha kisigino na vidole vya mguu wa nyuma, na huinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Zoezi lisilomtikisa hata kidogo halimjengi.

Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2019, uliojumlisha majaribio 108, ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza visa vya kuanguka kwa asilimia 23 hivi. Tai chi ya Wachina nayo husaidia, ingawa sifa zake zimevuma kuliko ushahidi. WHO hushauri siku 3 au zaidi kwa wiki. Kutembea tu, hata kwenda shamba kila siku, hakuchukui nafasi ya mazoezi haya.

Gety

Gety, katika eneo la Walendu Bindi, kusini ya mji wa Bunia, mkoani Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni nchi ya vilima. Mvua ikinyesha njia huteleza, na wazee huweza kuanguka kwa urahisi. Huduma za afya za huko zimeelemewa kwa miaka mingi na majeraha ya vita na wakimbizi wa ndani. Mazoezi haya hayadai mashine wala umeme: nguzo ya nyumba yatosha badala ya kiti. Mzee aliyekwisha kuanguka au mwenye kizunguzungu apimwe kwanza na muuguzi, kisha aanze akiwa na mtu pembeni.