Homa ya baridi yabisi: Baridi ya mlima haina kosa, angalia koo la mtoto

Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya Kiboriloni, baridi ya Juni na Julai si ya mchezo. Mtu mzima akilalamika magoti, jibu la haraka ni "baridi yabisi hiyo". Mtoto wa darasa la tatu akilalamika goti, naye hupewa jibu hilo hilo, anachuliwa na kuvishwa sweta.

Hapo ndipo hatari ilipo. Upo ugonjwa wa watoto unaoanzia kooni, unapita kwenye viungo kwa wiki chache, kisha unaacha alama kwenye moyo. Unaitwa homa ya baridi yabisi, wengine husema homa ya rumatiki. Jina lake lina neno "baridi", lakini baridi haiuleti. Chanzo ni bakteria wa kooni ambao hawakutibiwa vizuri, na dawa ya kuuzuia ni ya zamani na ya bei ndogo: penisilini.

Chanzo chake

Bakteria hao wanaitwa streptokoka kundi A. Huenea kwa matone ya mate mtu anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza karibu na mwenzake.

Mwili hutengeneza askari wa kinga ili kupambana nao. Shida ni kwamba baadhi ya sehemu za bakteria hao zinafanana na sehemu za mwili wa binadamu. Kwa watoto wachache, kinga inachanganya mambo na kuanza kushambulia viungo, ngozi, ubongo na moyo. Kwa kawaida hii hutokea wiki 2 hadi 3 baada ya koo kuuma, wakati kila mtu nyumbani ameshasahau.

Wanaopata zaidi ni watoto wa miaka 5 hadi 15. Aliyewahi kuugua mara moja yuko kwenye hatari kubwa ya kuugua tena, na kila mara moyo unaweza kuumia zaidi.

Basi baridi inaingiaje? Inaingia kwa mlango wa nyuma. Msimu wa baridi madirisha hufungwa, watoto watatu hulala kitanda kimoja, na bweni lililojaa linakosa hewa. Kinachosambaza bakteria ni msongamano huo. Ndiyo maana ugonjwa huu upo pia Dar es Salaam na Mwanza, kwenye joto.

Koo lipi ni la kutilia shaka?

Makoo mengi yanayouma husababishwa na virusi na hupona yenyewe bila antibiotiki. Hayo mara nyingi huja na mafua, kikohozi na sauti kukauka.

Koo la bakteria huwa tofauti kidogo. Huanza ghafla, kumeza kunauma sana, homa inapanda, mafindofindo yanavimba na kuwa mekundu au kuwa na madoa meupe, na tezi za shingo zinauma zikiguswa. Mafua na kikohozi mara nyingi havipo. Mtoto wa namna hii apelekwe zahanati.

Habari njema ni kwamba muda wa kuzuia upo. Penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inaweza kuzuia homa hii.

Kukata kimeo si tiba. Hakuondoi bakteria hao, na kunaweza kuleta kutokwa damu nyingi na maambukizi mapya.

Dalili za homa yenyewe

Viungo: Magoti, vifundo vya miguu, viwiko au viganja vinavimba na kuuma sana. Maumivu huhama. Leo goti la kulia, kesho kutwa goti limepona na kiwiko ndicho kimevimba. Kuhama huko ndiko kunakowadanganya wazazi, maana kila kiungo kinaonekana kimepona chenyewe.

Moyo: Mtoto anachoka haraka, moyo unaenda mbio, anahema akipanda kilima alichokuwa anakipanda akikimbia. Wengine hawana dalili yoyote ya moyo mwanzoni, lakini daktari akisikiliza kifua anasikia mlio usio wa kawaida.

Mikono na uso kuchezacheza: Mtoto anaangusha vikombe, mwandiko unaharibika ghafla, uso unajikunja bila kukusudia. Hali hii hutokea zaidi kwa wasichana, na inaweza kuja miezi kadhaa baada ya koo kupona. Si mapepo wala utundu. Mwalimu akiona hivyo, amshauri mzazi aende hospitali badala ya kumwadhibu mtoto.

Ngozi: Vipele vya duara vyenye kingo nyekundu visivyowasha, au vinundu vidogo visivyouma juu ya viungo. Hivi ni nadra, na wekundu ni mgumu kuonekana kwenye ngozi nyeusi.

Homa: Mara nyingi huwepo, wakati mwingine si kali.

Madaktari wana msemo wa zamani kwamba ugonjwa huu hulamba viungo lakini huuma moyo. Viungo hupona kabisa. Moyo unaweza usipone.

Unapimwaje?

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema "ndiyo, ni homa ya baridi yabisi". Daktari huunganisha mambo kwa kufuata vigezo vya Jones, vilivyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1944 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2015.

Anatafuta dalili kubwa, yaani moyo, viungo, kuchezacheza, vipele na vinundu. Anaongeza dalili ndogo kama homa na vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini. Dalili kubwa mbili, au kubwa moja na ndogo mbili, pamoja na ushahidi kwamba mtoto alikuwa na streptokoka, hutosha kutamka ugonjwa. Ushahidi huo hupatikana kwa kupima koo au kwa kipimo cha damu kiitwacho ASO. Mtoto mwenye kuchezacheza anaweza kutambuliwa kwa dalili hiyo hata kama ushahidi wa streptokoka haupatikani tena.

Kwa nchi zenye ugonjwa mwingi, marekebisho ya 2015 yamelegeza masharti. Hata kiungo kimoja kilichovimba, au maumivu ya viungo vingi bila uvimbe, yanaweza kuhesabiwa kuwa dalili kubwa baada ya magonjwa mengine kuondolewa.

Kipimo muhimu zaidi kwa moyo ni eko, picha ya mawimbi ya sauti inayoonyesha vali zinavyofunguka na kufunga. Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, nacho husaidia. Mgonjwa wa Old Moshi huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi au KCMC.

Usiishie kwenye malaria

Hili Moshi wanalo ushahidi. Utafiti uliofanyika KCMC na Mawenzi mwaka 2007 hadi 2008 ulifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Kati yao 528 waliandikiwa kuwa wana malaria. Vipimo vya maabara vilipokamilika, malaria ilikuwa chanzo kwa wagonjwa 14 tu.

Utafiti huo haukuhusu homa ya baridi yabisi, lakini somo lake ni lile lile: homa si lazima iwe malaria. Kwa mtoto mwenye homa na viungo kuuma, daktari atafikiria pia selimundu, usaha ndani ya kiungo, na brusela inayotokana na mifugo na maziwa yasiyochemshwa. Zote zina matibabu tofauti.

Kosa la kawaida ni kumnunulia mtoto asprini au diklofenaki dukani kabla hajapimwa. Maumivu yanazima, uvimbe unashuka, na daktari anakosa dalili ya kumwongoza.

Matibabu

Kwanza bakteria waondolewe. Njia inayopendekezwa ni sindano moja ya penisilini benzathini kwenye msuli: uniti 600,000 kwa mtoto mdogo, uniti 1,200,000 kwa mkubwa, kulingana na uzito. Njia ya pili ni penisilini ya vidonge kwa siku 10 kamili. Mtoto akijisikia nafuu siku ya tatu, vidonge havikatishwi. Mwenye mzio wa penisilini hupewa dawa nyingine, kwa mfano eritromaisini.

Pili, maumivu ya viungo hutibiwa kwa asprini au naproksini kwa usimamizi wa daktari. Tatu, kama moyo umeathirika, mtoto hupumzishwa. Mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu hulazwa na kupewa dawa za kupunguza maji mwilini, na wengine huongezewa prednisoloni.

Sindano ya kila mwezi: hapa ndipo wengi hukwama

Baada ya kutoka wodini, kazi ndiyo imeanza. Mtoto aliyeugua homa hii anahitaji sindano ya penisilini benzathini kila wiki 3 hadi 4, kwa miaka mingi:

- Kama moyo haukuathirika: miaka 5, au hadi afikishe miaka 21.
- Kama moyo uliathirika lakini ukapona: miaka 10, au hadi miaka 21.
- Kama vali zimebaki na kasoro: miaka 10, au hadi miaka 40, na wengine maisha yote.

Kwa kila kundi, hufuatwa muda ulio mrefu zaidi.

Sindano inauma. Mtoto haumwi tena, anacheza mpira, na nauli ya bodaboda hadi zahanati inatafutwa. Mzazi anajiuliza, "Sasa ya nini?" Jibu ni kwamba sindano haimtibu leo, inamlinda na koo la kesho.

Uganda wamelipima jambo hili. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 waliokutwa na dalili za awali kabisa kwenye vali kwa kipimo cha eko waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano kila wiki 4, jingine halikuchomwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Baada ya miaka 2, hali ilizidi kuwa mbaya kwa 3 tu waliochomwa, dhidi ya 33 wasiochomwa.

Angalizo: mgonjwa ambaye vali zake zimeharibika vibaya amwambie mhudumu kabla ya kuchomwa. Daktari anaweza kumchagulia vidonge.

Vali zikiharibika

Vali ni milango midogo ya moyo inayoruhusu damu kwenda upande mmoja. Ikikakamaa au kushindwa kufunga, mgonjwa hukosa pumzi, huvimba miguu na anaweza kupata kiharusi. Wanawake wengi hugundulika wakiwa wajawazito, moyo unapobeba mzigo mkubwa zaidi.

Operesheni ya kurekebisha au kubadilisha vali hufanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Kutoka Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Aliyewekewa vali ya chuma hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na hupimwa damu mara kwa mara.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 55 duniani wanaishi na moyo ulioharibiwa na ugonjwa huu, na takriban 360,000 hufa kila mwaka. Ulaya na Marekani nako uliwahi kujaza wodi za watoto. Makazi bora na penisilini ndivyo vilivyoupunguza.

Kinga nyumbani na shuleni

- Koo linalouma pamoja na homa lipimwe, lisisubiriwe.
- Dawa ya koo imalizwe.
- Fungua madirisha mchana hata msimu wa baridi. Watoto wasibanane kitandani inapowezekana.
- Wafundishwe kuziba mdomo wakikohoa na kunawa mikono kwa sabuni.
- Mwenye tatizo la vali apige mswaki vizuri, na amwambie daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino.
- Tarehe ya sindano iandikwe kwenye kadi na kwenye simu. Mwanafunzi akienda bweni au kuhamia mkoa mwingine, aende na kadi yake.

Chanjo bado haipo.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo mtoto akipata viungo vinavyovimba kwa kuhama, akikosa pumzi, akiumwa kifua, akivimba miguu, au mikono ikianza kucheza yenyewe. Na mweleze daktari kama koo liliuma wiki chache zilizopita, hata kama hakukuuliza.