Haki jinai na pengo la kipato: tuanzie kwenye dhamana

Ukisema "sheria inawaonea maskini", wengi watakubali, na mjadala utaishia hapo. Mada hiyo ni pana mno. Kikundi chenu cha wasikilizaji kikitaka kuichunguza, kichague hatua moja ya kesi. Sisi tunapendekeza dhamana, kwa sababu hapo pengo la kipato huonekana kabla hata ya hukumu.

Chukueni mfano huu wa kubuni. Vijana wawili wa Mwananyamala, wilayani Kinondoni, Dar es Salaam, wanashtakiwa kwa kosa moja. Kila mmoja anatakiwa kuleta wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa. Wa kwanza ana kaka mwenye nyumba na shemeji mwajiriwa. Jioni anarudi kwao. Wa pili amepanga chumba, ndugu zake wako mkoani, analala mahabusu. Wote wawili hawajapatikana na hatia.

Sheria inasemaje?

Ibara ya 13 ya Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na mshtakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka kosa lithibitike. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inataka kiwango cha dhamana kisipite kiasi.

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 148(5), ilizuia dhamana kwa makosa kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Dickson Paulo Sanga.

Mchunguze vipi?

1. Andikeni swali dogo. Kwa mfano: "Ni sharti gani la dhamana huwashinda watu wengi katika mahakama yetu ya mwanzo?"

2. Nendeni mahakamani. Kwa kawaida kesi husikilizwa hadharani. Kaeni kimya, andikeni masharti yanayotolewa. Msirekodi wala kupiga picha bila ruhusa.

3. Ulizeni pande zote: waliowahi kudhaminiwa, wadhamini, mtendaji wa kijiji, karani wa mahakama na msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

4. Someni hukumu kwenye simu. Tovuti ya TanzLII huziweka bure. Hakikisheni mnasoma sheria ya sasa, maana hurekebishwa.

5. Msitaje majina ya washtakiwa. Kesi huisha, lakini jina hubaki kijijini.

Mkigundua kwamba watu hukwama kwenye barua ya mdhamini, anzeni na ofisi inayoiandika. Barua ikichelewa Ijumaa, mtu anaweza kukaa ndani hadi Jumatatu.