Viti vya Mlimani: Nani Aliongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Ukiisoma sheria iliyokianzisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia tarehe 1 Julai 1970, utadhani mambo ni mepesi. Yupo Mkuu wa Chuo, anayetunuku shahada. Lipo Baraza, linalosimamia fedha, mali na ajira. Ipo Seneti ya wanataaluma, yenye neno la mwisho juu ya mitaala na mitihani. Na yupo Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye, jina lake lisikudanganye, ndiye mtendaji wa kila siku. Muundo huu ulirithiwa kutoka Uingereza na umebaki karibu vilevile hadi leo. Kilichobadilika ni watu wanaokalia viti hivyo na mahali walikotoka.

Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Shahada zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 Dar es Salaam, Nairobi na Makerere viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wake. Uzito wa cheo hicho kwa mtu aliye pia Rais wa nchi ulionekana Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na takriban 400 kati yao wakarudishwa makwao. Uamuzi ulikuwa wa Nyerere mwenyewe, palepale. Seneti haikuitwa kujadili.

Makamu Mkuu wa kwanza wa chuo kipya cha 1970, Pius Msekwa, alitoka ofisi ya chama, ambako alikuwa Katibu Mtendaji wa TANU. Waliotaka chuo kilitumikie taifa la kijamaa la Azimio la Arusha waliona huo ni uteuzi wa busara. Wengine waliona chama kimeingia hadi chumba cha Seneti. Mgongano haukukawia. Mwaka 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana kutoka Kenya, alimwandikia Makamu Mkuu barua ya wazi akiulaumu uongozi kwa kuwabana wanafunzi. Alifukuzwa, na askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia wakamtoa chuoni. Wenzake waligomea masomo. Hoja zao walizichukua kwenye Mwongozo wa TANU wa Februari mwaka uleule, uliokemea viongozi wenye majivuno na ubabe! Kwa maoni yangu, hapo ndipo swali la utawala wa Mlimani, kama chuo hiki kinavyoitwa, liliulizwa kwa uwazi kuliko wakati wowote: je, wanaotawaliwa nao wana kiti mezani?

Waliomfuata Msekwa, Ibrahim Kaduma na Nicholas Kuhanga, walitoka kwenye uwaziri. Kipindi hicho nacho kilikuwa na msukosuko wake: baada ya maandamano ya 1978 ya kupinga marupurupu ya viongozi, chama cha wanafunzi kilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA, jumuiya ya wanafunzi iliyokuwa chini ya mwavuli wa chama tawala.

Mwaka 1988 kiti kilimwendea Geoffrey Mmari, profesa wa elimu, kisha 1991 Matthew Luhanga, profesa wa uhandisi, aliyekikalia miaka 15. Tangu hapo Makamu Wakuu wamekuwa maprofesa. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 Rais aliacha kuwa Mkuu wa Chuo, na Paul Bomani akashika nafasi hiyo. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 ilileta utaratibu wa Hati Idhini (charter), na vitivo vingi baadaye vikawa ndaki (colleges), zenye marasi badala ya wakuu wa vitivo.

Lakini uteuzi wa juu haukuondoka Ikulu. Mwaka 2016 Rais Magufuli alimteua mtangulizi wake, Jakaya Kikwete, mhitimu wa Mlimani wa 1975, kuwa Mkuu wa Chuo. Mwaka uliofuata alimteua Profesa William Anangisye kuwa Makamu Mkuu.